Shikamoo Kabla ya Waya

Kilima chenyewe ni mawe matupu, nje kidogo ya Mugumu, upande wa bwawa la Manchira. Ukisimama juu yake asubuhi unaona maji, unaona mashamba ya mihogo, na kama una macho kama yangu unaona hadi mwaka kesho. Kutoka hapo waya wa chuma unashuka mpaka kilima cha pili kilicho kifupi. Kwa tepu ni mita mia mbili. Kwa tumbo la mtu anayeteleza mara ya kwanza ni kama kutoka hapa hadi Musoma.

Mimi ndiye niliyewekwa kuwafundisha makadeti kuteleza kwenye waya huo wakiwa wamening'inia kwa mikanda, bila kuvunjika shingo. Cheti cha kazi hiyo sina. Nilijifunza nikiwa mfua mashuka kwenye kambi moja ya watalii, fundi wa waya alipokosa msaidizi akaona nina mikono. Nilimsaidia misimu mitatu, nikarudi nyumbani najua kufunga, kukagua na kukataa. Cheti nilicho nacho ni cha kidato cha nne, masomo ya jioni, nilichokipata nikiwa mama wa watoto wawili, kimejaa alama za D kama mbegu za tikiti. Fizikia nilipata C. Hiyo naitaja popote, hata msibani.

Aliyeniweka ni mzee mlezi wa makadeti, afisa mstaafu aliyehangaika miaka mingi hadi waya ule ukapatikana. Sitamnyima sifa yake. Lakini siku ya kwanza aliniambia mbele ya watu, "Wewe shikilia hapo mpaka nipate mwenye cheti. Siku ya kufunga mafunzo nitaona kama unabaki." Nikashikilia. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyompenda mume wangu tulipooana, na mume wangu nilimpenda sana, hata walevi wa kijijini walijua.

Makadeti walikuwa thelathini na wawili, wengine wa kwetu Ringwani, wengine wametoka Kemambo, Tarime. Shida ya kwanza ilianza kabla hata hatujanywa chai. Kijana mmoja wa Kemambo, mrefu kama nguzo ya umeme, alikataa kuvaa mikanda.

"Mwalimu, mimi nilitahiriwa bila kupepesa jicho," alisema. "Mwanamume hafungwi kama ndama."

"Mura, kijana wangu, kile kisu kilikuwa cha dakika moja," nikamwambia. "Lile jiwe kule chini halitakuuliza kama ulilia."

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Basi nikachukua gunia la mchanga, nikalining'iniza kwenye kapi, lile gurudumu linalokimbia juu ya waya, bila kulifunga sawasawa, nikalisukuma. Lilikwenda vizuri mpaka katikati, likachomoka, likapasukia kwenye mawe. Mlio wake ulisikika Nairobi. Kijana aliangalia ule mchanga uliotawanyika, akanyoosha mikono juu.

"Nifunge, mwalimu."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi gunia jipya lilitangulia mtu yeyote, likiwa limefungwa kila mkanda, ili tuone waya umelalaje na matairi ya trekta ya kule mwisho yanapokea vipi. Vijana walilipa jina. Walisema linatangulizwa mbele ya kila mtu na watu wote wanalitazama, kwa hiyo ni mgeni rasmi.

Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi. Kila anayeteleza anakaguliwa na mwenzake: kofia ngumu, mkanda wa kifua, mikanda ya mapaja, karabina mbili, zile kulabu za chuma za kukushikiza kwenye kapi, moja ya kazi na moja ya akiba. Viatu navyo, kwa sababu katambuga isiyofungwa huondoka na kumpiga mtu asiye na hatia. Mkaguzi akimaliza anasema moja kati ya maneno mawili, "bado" au "nenda". Hakuna anayevuka bila neno. Niliwaimbisha hayo hadi mbuzi wa jirani wakayajua.

Siku ya tatu nikawatega. Nilipanda jukwaa la kurukia nimevaa kila kitu, ila karabina ya akiba nimeiacha wazi na kamba ya kofia inaning'inia kama ndevu. Zamu ya ukaguzi ilikuwa ya binti wa Ringwani, mdogo kuliko wote lakini mwenye macho ya mwewe. Alinizunguka, akainama, akaiangalia ile karabina muda wa kutosha kuchemsha maharage.

"Nenda, mwalimu," akasema.

Sikwenda. Nikawageukia wote. "Hamkuona?"

Wakaangaliana.

"Nauliza, hamkuona?"

"Tuliona," binti akasema chini chini.

"Sasa?"

"Wewe ni mwalimu."

"Na ukubwa wote huo, mwalimu," akadakia yule nguzo ya umeme, "mtu angeanzia wapi?"

Walicheka, nami nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja. Kumbe ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Mdogo hakumwambia mkubwa. Waliotahiriwa msimu wa karibuni hawakuwaambia waliotangulia. Msichana hakumwambia mvulana mwenye sauti nzito. Niliodhani wamekaguliwa walikuwa wametazamwa tu, kwa adabu. Ni Mungu na fizikia ndio waliotulinda siku zote tatu.

Ningewafokea, lakini ningefokea na damu yangu. Mimi nimelelewa hivyo hivyo. Babu yangu aliwahi kukalia kaa la moto, na wajukuu tisa tukasubiri amalize maongezi. Nilikwenda nikakaa kwenye matairi kule mwisho wa waya nikafikiri mpaka kichwa kikatoa moshi. Adabu ile singeweza kuing'oa kwa wiki moja, na sikutaka. Nikaona afadhali niitume kazi.

Huku kwetu hakuna mkubwa anayepewa shikamoo asiitikie. Hata akikimbizwa na nyati ataitikia huku anakimbia. Na mtu akiitikia, amesimama. Basi nikaongeza sheria moja: mkaguzi anaanza na shikamoo, anasubiri marahaba, ndipo anataja kasoro, na anakitaja kitu, hamtaji mtu. "Shikamoo. Mkanda wa kulia haujabana. Bado." Kama mtoto anavyopiga kelele ng'ombe wa jirani akiingia shambani. Hakuna anayesema mtoto kamtukana mwenye ng'ombe.

Mwanzoni waliona ni mchezo. Kijana wa miaka kumi na sita anampa shikamoo mwenzake wa kumi na minane, wanaanguka kwa vicheko. Kufikia siku ya tano hawakucheka tena. Siku hiyo binti wa Ringwani alimsimamisha yule wa Kemambo mara tatu mfululizo, naye akaitikia marahaba mara tatu kama chifu.

Siku ya kufunga ilifika na turubai lake, viti vya kukodi, na wazazi waliotembea tangu alfajiri. Gunia lilitangulia kama kawaida, likafika salama. Mzee mlezi akahutubia. Sitasema hotuba ilikuwa ndefu, ila tulipoanza kuisikiliza nilikuwa na meno yote. Mwisho akatangaza kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayefungua, akapanda ngazi hadi jukwaani huku watu wanapiga makofi.

Hili halikuwemo kwenye ratiba. Alivaa mikanda juu ya koti. Ile ya mapaja akaiacha inaning'inia, maana suruali ilikuwa imepigwa pasi. Kofia ngumu akamrudishia kadeti aliyempa. Zamu ya ukaguzi ilikuwa ya binti wa Ringwani. Sikuipanga, ndivyo orodha ilivyoangukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mikanda ya mapaja haijafungwa. Bado."

Mzee akatabasamu, akanitazama mimi. "Mwalimu, mwambie huyu. Mimi nilivaa vitu hivi jeshini wewe hujajua kuvaa viatu."

Nilijua anachosema, na nilijua asichosema. Siku ya kufunga ndiyo hiyo, siku ya kuona kama ninabaki. Neno moja tu kutoka kwangu, na kazi ni yangu. Nilimtazama yule binti. Mkono wake haukutoka kwenye mnyororo unaofunga njia ya kurukia.

"Mzee," nikasema, "leo neno ni lake."

"Na kazi ni ya nani?"

"Kazi umeishika wewe. Neno analo yeye."

Tabasamu likaisha. Akapiga hatua kuuendea mnyororo. Ndipo yule mrefu wa Kemambo akajitokeza, akasimama pembeni ya binti, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akasita. "Marahaba."

"Kofia haipo kichwani. Bado."

Akafuata mwingine. "Shikamoo, mzee." Marahaba. "Karabina ya akiba haijafungwa. Bado." Akafuata mwingine, na mwingine, waliokuwa jukwaani kwanza, kisha waliopanga foleni kwenye ngazi, kila mmoja kwa adabu zote. Sikuwafundisha hilo, naapa. Mzee wa watu alilelewa vizuri, hakuna hata mmoja aliyemnyima jibu. Kule chini wazazi walidhani ni sehemu ya sherehe, wakaanza kuhesabu kwa sauti. Walipofika ishirini na kitu nikasikia sauti ya mtu nyuma yangu, "Mgeni rasmi wa asubuhi hakubisha, mbona." Nikauma ulimi hadi ukaota sugu.

Alijivua mikanda mwenyewe, akashuka kwa ngazi. Vijana wakampisha, wakimpa mkono. Nilimfuata hadi chini.

"Jumatatu usije," akasema bila kunitazama.

"Jumatatu ni siku ya kukagua waya, mzee."

"Nimesema usije. Nakuja na kufuli, niufunge ule mnyororo."

"Nimesikia. Shikamoo, mzee."

Akafunga macho. "Marahaba."

Jumatatu nikaenda. Sikupata usingizi wa maana siku zile mbili, na mume wangu aliniambia niende nikaombe radhi kwa magoti. Nilimjibu kwamba magoti yangu yako kazini. Makadeti wa karibu nao walikuja, bila kuitwa, na binti wa Ringwani akiwa na daftari la zamu. Tukapitisha gunia. Nilipogeuka nikamwona mzee anapanda kilima polepole, kufuli kubwa la ghala mkononi, linang'aa.

Nikaona kama ni kufunga, na afunge mimi nikiwa nimening'inia katikati ya waya, nione atafanya nini. Nilivaa kwa kasi ambayo hata wazima moto hawana. Kofia, kifua, mapaja, karabina, nikashika kapi. Mzee alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Shikamoo, mwalimu," binti akasema.

"Marahaba. Fungua mnyororo, haraka."

"Karabina ya akiba iko wazi. Bado."

Nikainama. Ilikuwa wazi kweli, imeachama kama mdomo wa mamba wa Mto Mara. Safari hii hapakuwa na mtego. Nilisahau, mimi mwenye C ya fizikia, kwa sababu ya hasira. Maneno ya kudanganya yalikuwa yameshafika ulimini, kwamba nilikuwa nawajaribu tena. Nikayameza, na yalikuwa na mifupa.

"Ni kweli," nikasema. "Nilisahau."

Nikaifunga. Binti akanizunguka upya, akavuta kila mkanda, hakuharakisha hata kidogo. Sauti ya pumzi ya mzee ilikuwa pale kwenye ngazi, vipandio viwili chini ya jukwaa. Hakupanda zaidi.

"Amekusimamisha na wewe?" akauliza.

"Amenisimamisha."

"Na ilikuwa wazi kweli?"

"Wazi kabisa, mzee."

Aliligeuza lile kufuli mkononi, akalitazama kama mtu aliyeuziwa kitu asichokumbuka kukiagiza. Kisha akalitia mfukoni mwa koti, likavuta koti upande mmoja.

"Mwenye cheti bado namtafuta," akasema.

"Mtafute, mzee. Akija atasalimiwa."

Mzee akashuka kipandio kimoja. Binti akafungua mnyororo, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama usoni.

"Nenda," akasema, nami nikaenda.