Kilio cha Bibi Gerejini

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani kule Minto, pembeni mwa Sydney. Sikuwa na shida huko. Nilikuwa natoka kazini, mikono ikakata kona yenyewe, nikajikuta nimeegesha gari mbele ya nyumba tuliyopanga nilipokuwa mtoto. Wanaoishi pale sasa wametundika utando wa buibui wa dukani kwenye mlango wa gereji, na mifupa ya plastiki, kwa ajili ya Halowini, ile sikukuu ya kutishana, watoto wakipita kila nyumba kuomba pipi. Nilicheka peke yangu. Mifupa ya plastiki! Gereji ile iliwahi kutisha kwelikweli, na aliyeipanga ni mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili na kinyongo kisichoenea kifuani.

Ng'ambo ya barabara, mapazia ya yule mama jirani yalikuwa yale yale.

Unakumbuka miaka ya korona? Sisi wa magharibi ya Sydney tulifungiwa ndani zaidi kuliko wenzetu wa kule ufukweni. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa siku nzima. Mama alikuwa anahudumu kwenye makao ya wazee, na akirudi alivua viatu nje na kuoga kabla hajatusalimia. Bibi alishinda jikoni, maharage yakitokota tangu asubuhi, simu yake ikihubiri kwa sauti ya juu. Mimi nilisoma mezani kwa kompyuta, na mwalimu akiniita nilizima kamera, maana nyuma yangu bibi alikuwa anatwanga vitunguu saumu. Siku zile zilikuwa tamu, japo sikujua.

Halafu ikaja simu kutoka Kigoma. Mdogo wake bibi, aliyebaki kambi ya wakimbizi sisi tulipopata ndege, amefariki.

Kwa kina bibi, aliyefiwa hakai peke yake. Wanawake wanakuja, wanaketi chini, naye analia kwa maneno. Anamwita marehemu, anataja nyumba waliyoikimbia, njia waliyopita, nani alimbeba nani mgongoni. Kilio hicho kina mwanzo na kina mwisho. Kikifika mwisho, waliokaa wananawishwa mikono, wanakula, wanaondoka. Kisipofika, bibi alituambia, kinabaki kifuani kama tonge lililokwama.

Wanawake wachache wa pale mtaani walikuja, ingawa wageni walikuwa marufuku. Waliketi gerejini, mlango wazi, barakoa usoni, kila mmoja mbali na mwenzake. Bibi akaanza. Alifika pale walipovuka mto usiku, yeye amembeba yule mdogo wake, na hapo hapo polisi wakaingia. Yule mama wa ng'ambo alikuwa amesimama barazani kwake, simu mkononi, akiwaonyesha gereji yetu kwa kidole kana kwamba hawaioni. Wanawake waliandikwa majina, wakarudishwa makwao. Bibi alinyamaza katikati ya neno.

Wiki iliyofuata nilisikia vicheko nyuma ya nyumba ya yule mama, nikanusa soseji zinachomwa. Wanawe na wajukuu walikuwa wamejaa uani. Nilimsihi mama yangu na sisi tupige simu polisi. "Sisi hapa tumepokelewa," alisema. "Hatupigii mtu polisi." Nilimchukia yule mwanamke mpaka nikawa namwota. Bibi naye alianza kusukuma sahani bila kula, anajipiga kifuani taratibu kwa ngumi, kama mtu mwenye kiungulia.

Kwa hiyo walipotufungulia, na watoto wa mtaa wakaanza kuzungumzia Halowini, nilijua la kufanya. Yule mama alikuwa na wajukuu wadogo wasiokosa pipi hata nyumba moja, na yeye ndiye aliyewashika mkono. Ningejenga nyumba ya mizimu, nimtie ndani, nimtoe roho.

Nilifunika madirisha ya gereji kwa mifuko myeusi ya taka. Nilitundika dagaa wakavu wa bibi kwenye nyuzi, usawa wa uso, wakupapase gizani. Tambi baridi kwenye beseni ndizo zilizokuwa utumbo. Mama aliweka sharti moja tu: watu waingie familia moja moja, wasichanganyike. Kilichobaki kilikuwa sauti, na nilimtaka bibi akae kwenye kona, agune mara moja tu.

Alinikatalia kabisa. Wafu hawachezewi, alisema, na dagaa wangu uwarudishe jikoni. Siku nyingine akaniuliza, bila kunitazama, "Na huyu wa ng'ambo, atakuja?" Nikamwambia atakuja. Akasema, "Basi tandika mkeka."

Nilidhani nimepata mshirika.

Jioni ile, jua bado halijazama vizuri, yule mama aliingia na wajukuu wake. Watoto waliguswa na dagaa, wakapiga mayowe ya furaha, wakachomoka kwa mlango wa pembeni na pipi zao. Yeye mguu ulikuwa mzito. Alibaki nyuma. Nikausukuma mlango ukafungwa, nikauegemea kwa mgongo kutoka nje, nikasikiliza kwa raha.

Bibi hakuguna. Alilia. Alianza upya, tangu kwenye nyumba waliyoikimbia, kwa sauti ile ile iliyoletewa polisi. Yule mama alicheka kidogo, kisha akaacha. Najua aliitambua sauti. Bibi alifika mtoni, na safari hii akavuka. Baada ya hapo sikupata maneno tena, kwa kelele za watoto barabarani na mlango uliokuwa mnene, ila sauti nilikuwa naisikia mgongoni, inapanda, inashuka, mpaka ikatulia yenyewe.

Nilifungua nimwone adui yangu amezirai. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, chini, mkabala na bibi. Barakoa yake ilikuwa imelowa.

"Leta maji," bibi akaniambia.

"Bibi, no! She called the cops on us! Huyu ndiye aliyetuitia polisi!"

"Namjua. Wenzetu walifukuzwa. Huyu amekaa mpaka mwisho. Leta maji, mama."

Beseni la tambi likamwagwa, likasuuzwa. Nikapewa jagi, mimi, nimnawishe. Yule mwanamke alinyoosha mikono bila kuuliza. Labda alielewa, labda alidhani ni mambo ya korona. Nilimmwagia maji ya baridi mpaka mikono ya sweta ikachuruzika, ndicho kisasi pekee nilichopata. Alikula maharage ya bibi, akasema thank you, akavuka barabara. Bibi usiku huo alikula sahani mbili. Yeye alikwisha kumsamehe. Mimi sikumsamehe, na sijamsamehe.

Bibi alituacha mwaka jana. Tulikodi ukumbi kule Lidcombe, mtaa mwingine wa Sydney, mchungaji akashika maikrofoni, chakula kikaletwa kwenye maboksi. Mlangoni kulikuwa na chupa ya dawa ya mikono, ya kujipaka mwenyewe. Hakuna aliyelia kwa maneno. Wanaojua wamekwisha, au wako mbali, na ukumbi ulikuwa na saa ya kurudisha funguo.

Sasa juzi, nikitazama ile mifupa ya plastiki, hasira ilinipanda. Nilishuka garini, nikasimama mbele ya nyumba ya yule mama, mchana kweupe. Piga simu sasa, nikamwambia moyoni. Nikafungua mdomo, nikaanza kumlilia bibi kama nilivyomsikia: nikamwita, nikataja nyumba waliyoikimbia, nikataja njia. Pazia likacheza. Niliongeza sauti makusudi. Nikafika mtoni.

Mlango wake ukafunguka. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Simu hakuwa nayo. Alijishusha polepole kwenye ngazi ya baraza, akaketi, akaweka mikono magotini.

Alikuwa ananingoja nifike mwisho, na mwisho mimi siujui.