Siku Mwalimu Bukuru Alipoleta Mizani Ufukweni

Enzi zetu pale Katonga, kando ya ziwa, shule ilikuwa na mpinzani mmoja tu: jua. Likiwaka vizuri na mitumbwi imerudi na dagaa, nusu ya darasa la sita hatukuonekana. Tulikuwa mchangani na mama zetu, tunageuza dagaa kwa fagio, tunafukuza kunguru, huku mkono mmoja umeshika muhogo wa kuchemsha. Mchanga ulichoma nyayo mpaka tukawa tunatembea kwa kurukaruka.

Mimi nilizidisha. Baba alikuwa ameshafariki na mama hakuwa na msaidizi mwingine. Mwalimu Bukuru wa sayansi akaniambia wazi kwamba nikikosa tena, jina langu litafutwa daftarini. Nikamfikishia mama ujumbe huo.

"Mwambie hatuli daftari," akajibu.

Wiki ileile jua likawaka, nikakosa. Saa nne hivi nikamwona mwalimu anashuka ufukweni, waliobaki darasani wote nyuma yake, wawili wamebeba mizani ya dukani. Mama akakaza khanga kiunoni, tayari kwa ugomvi. Nilitamani ziwa linimeze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kuuliza. Hawa nimewafundisha uvukizi ubaoni wiki mbili, hakuna aliyeelewa. Wewe unajuaje kama dagaa wamekauka?"

Mama alimtazama kwanza, akidhani anataniwa. Kisha akachota konzi ya dagaa, akawamwaga taratibu karibu na sikio la mwalimu.

"Hawa bado, wanaanguka kimya. Wakikauka wanachakarisha kama majani makavu. Watoto wanatazama ngozi tu, wanaanua, kumbe tumbo lina maji. Ukiwafunga kwenye gunia, wanaota ukungu."

Tukaanika dagaa kwenye sinia moja, tukawa tunawapima kila saa. Uzito ukashuka, ukashuka tena, mpaka saa tisa ukagoma kushuka. Mama, ambaye hakuwa akiutazama mshale wa mizani, alimwaga konzi yake, akasikiliza, akasema, "Tayari." Tulipiga kelele mpaka wachuuzi wakaja kuona kuna nini. Mwalimu akatupanga mstari, tukamwambia mama kwa pamoja, "Asante, mwalimu." Alificha uso kwa khanga. Maishani mwake hakuwahi kukalia dawati.

Kesho yake jua liliwaka vilevile. Mama akaniamsha mapema.

"Nenda shule. Dagaa nitageuza mwenyewe. Ila ukirudi unieleze, yale maji yanakwenda wapi?"

Sikukosa tena, na kila jioni nilimweleza tulichosoma.

Vijana wa leo wana bahati yao. Mwanangu, yuko kidato cha pili, aliutazama uvukizi kwenye simu, katuni na muziki juu, akapata alama zote. Juzi nimemkuta ameanika sare mbichi chumbani, dirisha limefungwa, analalamika haikauki. Nikamuuliza kama hakusoma uvukizi.

"Nilisoma, mama. Lakini ile ni ya mtihani."

Nilicheka sana, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Mimi sasa ni mwalimu wa sayansi. Mama ametangulia mbele ya haki, lakini kina mama wengine bado wanaanika dagaa, hatua chache kutoka shuleni kwetu. Harufu inaingia darasani wakati nachora mishale ya mvuke ubaoni. Mwaka wa kumi na moja huu nafundisha, na bado sijawatoa watoto nje hata siku moja.