Mtunza Vivuli na Pazia la Mumewe

Saa mbili asubuhi, Mama Taa anawasha taa za stoo ya polisi, anafungua mapazia ya ukutani moja moja na kuvisalimia vivuli. "Mmeamkaje?" Cha mwisho kimejikunyata karibu na sakafu. "Na wewe, baba, umenuna tena?" anakitania.

Katika mji huu, anayeuawa huacha kivuli. Hakisemi, lakini muuaji akisimama mbele yake, kitamng'ang'ania miguuni hadi kila mtu aone. Kikishafanya hivyo huyeyuka, wala hakirudi. Mama Taa huvitunza mpaka siku hiyo ifike.

Kile cha mwisho ni cha mumewe.

"Alikuwa fundi viatu," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyemtembelea. "Akikuona, anasalimia viatu kwanza, wewe baadaye! Siku moja mteja akamletea buti lina damu. Mume wangu, na mdomo wake ule, akauliza ni damu ya nini. Kesho yake nikamkuta kibandani, ameshapoa."

Tangu hapo anashinda mbele ya ukuta huo. Wenzake wanaogopa stoo. Hata mpelelezi wa kesi ya mumewe humwita kutoka koridoni, haingii. Nyumbani, redio ndiyo inayomwongelesha.

Sasa mwenye buti amekamatwa. Kesho analetwa hapa.

"Si habari njema?" mwandishi anauliza. Swali la kijinga kabisa.

Anacheka kidogo, kisha machozi yanamlengalenga. "Njema, ndiyo. Ila nikifungua pazia la pembeni badala ya hili, nani atajua? Kwao vivuli vyote ni vilevile. Yule mtu ataachiwa, na mume wangu atabaki nami." Anaipapasa kamba ya pazia. "Wiki nzima sijapata usingizi. Upweke huu, mwanangu, we acha tu."

Mpelelezi anachungulia kutoka koridoni. "Mama, kesho pumzika. Tutafungua wenyewe."

"Thubutu! Mume wangu afunguliwe na mtu baki?"

Mpelelezi anaondoka bila kubisha. Mama Taa anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nitafungua hili hili," anasema hatimaye. "Akishamshika yule mtu miguu, nitamwambia, 'Haya baba, umemaliza. Nenda.'"

Na baada ya hapo?

"Nitarudi nyumbani, nijifunze kupika cha mtu mmoja. Mpaka leo napika cha wawili."