Mchuzi wa Jumapili kwa Bibi

Chiriku sasa ni bibi wa watu, lakini mtajie tu chakula cha Jumapili, ataanzia kwa bibi yake mzaa mama. Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Ndiyo maana kila Jumapili mama yake alimshika bega mlangoni kwa Bibi na kumwonya: "Ukila, sema asante. Mengine yaache."

Bibi alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na chumvi hakuipimia kijiko. Alichota kwa vidole, akaonja mchuzi kiganjani, akapiga ulimi, basi, imekwisha hiyo. Mwaka mmoja mafua mazito yakamlaza. Akanyanyuka mzima, ila ladha haikurudi mdomoni, naye hakumwambia mtu. Mchuzi wake ukaanza kuunguza koo kwa chumvi. Watu wakadokoa huku wanashushia maji, sahani zikabaki zimejaa. Kumwambia Bibi amepotea jikoni kungekuwa kumvunja moyo. Angeweka mwiko chini, na Jumapili zingeishia hapo, maana hapakuwa na kingine kilichowakusanya.

Jumapili moja Chiriku alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, anamenya vitunguu. Bibi akatoka uani kuanua nguo. Akaingia Babu Cherehani, fundi nguo, mdogo wake Bibi, akamimina kikombe cha maji sufuriani, akaondoka kama hakuja. Akafuata Mama Mkubwa na kikombe chake. Halafu mama yake Chiriku. Kila mmoja alidhani ujanja huo ni wake peke yake.

Mezani Bibi akapakua. Upawa ukatoka na maji matupu. Akautazama, akawatazama.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea, dada," akasema Babu Cherehani.

"Iko sawa kabisa, mama," akadakia Mama Mkubwa.

Bibi akamgeukia mjukuu. "Na wewe, mke mwenzangu?"

Chini ya meza mama alimfinya paja. Chiriku aliona Jumapili zote zinamponyoka, lakini kumdanganya Bibi machoni hakuweza.

"Haijakolea, Bibi. Siku zote inazidi. Leo haipo, kwa sababu Babu katia maji, Mama Mkubwa katia, na mama naye katia."

Babu Cherehani akakohoa. "Mimi nilikuwa nanawa mikono."

"Ndani ya sufuria langu?"

Bibi akakaa. Mabega yakaanza kumtikisika, wakadhani analia. Kumbe anacheka.

"Mnaacha sahani zimejaa, nikasema basi, wanangu wamenichoka, wanakuja kwa kunionea huruma. Usingizi sina. Kumbe chumvi tu? Tangu mafua yale hata pilipili kwangu ni kama pamba."

"Si ungesema, dada."

"Nikuambie wewe? Kesho yake mpaka wateja wako wangejua."

Mama akaachia paja la Chiriku. Sufuria likarudishwa motoni, maji yakapunguzwa. Bibi akawa anatia chumvi, Chiriku anaonja na kusema, "Bado. Bado kidogo. Hapo hapo."

Siku hiyo walichelewa kula, na hakuna aliyegusa jagi la maji. Bibi akakaa kuwaangalia wakifuta sahani zao. Kisha akajipakulia, akala asisikie ladha yoyote, akaongeza tena.