Wanga wa Émérance na Parashuti Tano

Pale Kasenga, mtaa wa Uvira, kola iliyopita mikononi mwa Émérance ilijulikana toka mbali. Ilisimama yenyewe. Mwanaume aliyeivaa hakuweza kugeuza shingo bila kugeuza mwili mzima, na watu wakimwona walisema: huyu anaenda kuposa, ama anaenda kortini. Wanga wake aliupika mwenyewe kwa muhogo wa Kamanyola, akauchuja mara mbili, na kipimo hakumwambia mtu. Waliojaribu kuiga walipata uji.

Alizaliwa Rugenge, mtaa mwingine wa mji uleule, mtoto wa mvuvi, akasoma kwa masista mpaka mwaka wa sita. Masista walimfundisha mambo mawili: kusali, na kuziba tundu lisionekane. La kwanza alilifanya Jumapili. La pili alilifanya kila siku, na kwa imani kubwa zaidi. Mwaka wa uhuru, 1960, alishona bendera mpaka vidole vikavimba, nyota sita pembeni na moja kubwa katikati, na mashati ya wanasiasa wa kila chama, maana kola haina chama. Mwaka uliofuata homa ilimchukua mume wake. Ikabaki mashine ya kushona ya mguu, na binti mmoja wa miaka minne, Sabine.

Waasi walipoingia Uvira mwaka wa 1964, Émérance hakungoja kuona wanataka nini. Siku ile walikuwako mjini Semana na mke wake Mukamurenzi, wafugaji wa milima ya juu, ambao kila juma walimletea siagi na yeye aliwashonea nguo za kanisani. Alimfunga Sabine furushi la shuka mgongoni, akamsukuma kwa Mukamurenzi.

“Mchukue. Kule kwenu risasi hazijui njia.”

“Na weye, Mama Sabine?”

“Minye niko na mashine. Mashine haipande mlima.”

Basi jeshi la serikali lilirudi, waasi wakatoka mjini, na wakaenda kukaa wapi? Katikati ya njia ileile ya kupanda milimani. Zaidi ya mwaka ulipita, Sabine yuko juu, mama yake yuko chini, na ukinyoosha kidole mlima unaonekana kama uko nyuma ya choo.

Kiangazi cha 1965 mtu mmoja aliyezunguka porini siku nne alimletea karatasi, mwandiko wa Semana. Surua imepita kwetu, aliandika. Watoto watatu wamekufa kwa kifua kilichokuja nyuma yake. Sabine amepona surua lakini anakohoa, na usingizi haupati. Muganga wa dispensari anasema dawa yake ni penisilini, naye hana hata chupa moja.

Émérance aliisoma mara moja. Akavua kipimio cha kitambaa shingoni, akakitundika msumarini, akaenda kambini kwa askari akiwa na sindano tatu bado kifuani kwa blauzi.

Aliyekuwa na ufunguo wa bohari ya jeshi ni Adjudant Hyacinthe, mtu wa tumbo na wa karatasi. Aliusoma ule mwandiko, akakuna shavu. Penisilini iko, alisema. Ndege ndogo iko, na rubani wake Rémy, muzungu asiyependa kusema. Ila kule juu hakuna pa kutua, inabidi kutupa sanduku kwa parashuti.

“Basi mtupe.”

“Mama, njoo uone kwanza.”

Alimwonyesha parashuti tano za mizigo, ndogo, kila moja upana wa chumba. Panya walikuwa wamezitafuna, matope yalikuwa yamekaukia ndani, kamba zake zimesokotana kama nywele za mwendawazimu.

“Na ndege imeitwa kwenda Bukavu siku ya tano,” Hyacinthe akasema. “Leo iko siku ya kwanza. Ikienda, sijui kama itarudi.”

“Nipe zote.”

“Hii iko mali ya jeshi. Kubadilisha kitu bila amri ni...”

“Panya walipata amri kwa nani?”

Hyacinthe alimpa zote.

Kazi aliyoifanya usiulize. Alizifua, akaziba matundu ya panya moja moja kwa uzi mwembamba. Katikati kabisa, pale juu, kila parashuti ilikuwa na tundu la mviringo, kubwa kuliko yote, kiasi cha sahani. Hilo nalo aliliziba, tena kwa ustadi wa pekee, maana lilikuwa mahali pa kuonekana. Kisha akafanya lile alilofanyia kila nguo nzuri iliyomfikia: alizichovya kwenye wanga, akazipiga pasi ya makaa, akazikunja mraba kama shuka za harusi. Kamba alizizungusha kuwa bonge. Siku ya pili, jua likipanda, zilikuwa tayari, nyeupe, zimenyooka. Hyacinthe mwenyewe alivua kofia.

Kiwanja cha ndege kilikuwa majani tu, kaskazini ya mji, kando ya njia ya Kamanyola. Rémy alipaa na gunia la mchanga, watu wakajaa pembeni, wenye kola zao. Ndege ikapita, askari mmoja akasukuma gunia. Kamba iliyofungwa kwenye ndege ikavuta mfuko wa parashuti, mfuko ukafunguka vizuri kama ilivyopaswa. Nguo ikatoka. Ikatoka ikiwa mraba, na mraba ikabaki. Ilishuka nyuma ya gunia kama bahasha nyuma ya jiwe. Gunia likapasuka kwa kishindo, mchanga ukawarukia waliokuwa mbele.

“Mama,” Hyacinthe alisema, “umetushonea jeneza.”

“Yaya!” Placide, mdogo wake, mvuvi, alimwita hivyo dada yake mkubwa kwa sauti, naye hakuwahi kunyamaza panapofaa. “Hiyo ungeipeleka kwa posta!”

Watu wakacheka. Émérance hakucheka. Alivuka kiwanja, akapiga magoti kwenye mchanga, akashika pindo la ile nguo na kulivuta. Mikunjo ilikuwa imeshikana. Ilipoachana ililia kwachu, kwachu, kama karatasi ya saruji. Akailamba. Muhogo.

Hapo ndipo mtu mwingine angesema kamba ilikuwa mbaya, ama muzungu alirusha vibaya. Émérance alisimama, akapangusa magoti, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wa mwisho:

“Wanga wangu umeigandisha. Kosa iko yangu. Na mwenye kucheka atavaa kola laini mpaka Noeli.”

Waliokuwa wanacheka walishika kola zao.

Alizipeleka zote ziwani, akazisuuza mpaka maji yakaacha kuwa meupe, akazianika kivulini ndani ya kanisa kwa ruhusa ya padri, juu ya viti. Placide alimfuata, bado anatafuta la kusema, akamkuta anazungusha tena zile kamba kuwa bonge.

“Weye yaya, unataka kuvua ama unataka kufunga mbuzi?”

“Toka.”

“Ninauliza vizuri. Minye nikipanga wavu hivi ndani ya pirogi, mtumbwi wangu, nikiutupa utatoka mufundo mmoja, na ndagala, hata hao samaki wadogo, watakuja kutazama tu.” Akachuchumaa, akamnyang’anya kamba. “Tazama. Unalaza kushoto, unarudisha kulia, kushoto, kulia. Ya mwisho kulala inatoka ya kwanza. Haikimbizani.”

Émérance alitazama mikono ya mdogo wake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Placide alikuwa amesema neno la maana, na ilibidi kulipokea.

“Na ndege ikitikisika, mafungu hayatachanganyika?”

“Pirogi haina kuruka, yaya. Hiyo sijui.”

Hiyo alijua yeye. Alikata mpira wa ndani wa gurudumu la kinga, baiskeli ya Placide, bila kumuuliza, akatoa vipete vyembamba, akavishona kwenye mfuko kwa mstari. Kila mkunjo wa kamba ukaingia kwenye kipete chake. Ukivuta, kipete kinaachia mmoja tu, kisha wa pili. Placide alirudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya tatu mchana walijaribu tena, safari hii na sanduku lenye chupa tupu zilizozungushiwa nyasi, maana dawa yenyewe iko ndani ya chupa. Nguo ilitoka, ikatetemeka kidogo, ikafunguka pwaa! Watu walipiga vigelegele. Émérance alikuwa ameshaweka mikono kiunoni, tayari kwa sifa, alipoona sanduku linayumba. Lilikwenda huku, likarudi kule, kila mara kwa nguvu zaidi, kama kengele ya kanisa, mpaka likafika chini kwa ubavu, bao! Walipolifungua, chupa nne zilikuwa nzima. Ishirini zilikuwa vigae.

Rémy alitua, akashuka, akazunguka ile nguo, akainua sehemu ya katikati. Akaishikilia kwenye jua. Akapitisha kidole. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno:

“Tundu la juu liko wapi?”

“Niliziba,” Émérance akasema. “Zote tano. Hata hauoni.”

“Sioni,” Rémy alikubali, akakaa chini kwenye majani kama mtu aliyechoka miaka mingi.

Alieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Upepo unaingia chini, unajaa. Ukikosa mlango mdogo wa juu, unatafuta pa kutokea pembeni, huku kisha kule, na nguo inayumba. Tundu lile halikutobolewa na panya. Parashuti ilizaliwa nalo.

Émérance alimgeukia Hyacinthe. “Kwa nini haukuniambia?”

“Nani alijua muntu ataziba?”

“Minye ni mshonaji! Ukiniletea nguo yenye tundu, ninaziba! Ukinyamaza, ninaziba vizuri!”

“Mama, sasa imebaki kesho tu. Na kesho ndege ikipanda huko juu, hakuna nafasi ya kujaribu kwanza.”

“Nani amesema kujaribu?” Alikuwa ameshatoa wembe kutoka mkunjo wa kitambaa cha kichwa. “Chupa ni za mtoto wangu. Unafikiri minye nitatuma kitu cha kujaribu?”

Kufumua ulikuwa uchungu kuliko kushona. Kila uzi aliukata mwenyewe, uzi alioupitisha kwa fahari, na tundu likafunguka jeusi katikati kama jicho. Pembeni yake akakunja pindo la uzi mwekundu, ili asitokee mwingine mwenye bidii kama yake. Alifanya hivyo kwa parashuti mbili za safari. Nyingine tatu zingengoja. Alilaza kamba kushoto, kulia, akazivisha vipete, akafunga. Ndani ya sanduku la kwanza akatia karatasi kwa Mukamurenzi: Dawa ni ya watoto wote. Nguo na kamba mrudishe, jeshi linazitaka. Sabine ale.

Siku ya nne asubuhi ndege ilipaa na masanduku mawili. Toka Uvira huoni kitu. Ndege inakuwa inzi, inzi inaingia nyuma ya mlima, basi. Rémy aliporudi alisema, zimefunguka zote mbili, wima. Kilichofika chini kikiwa kizima, hakuweza kuona. Kesho yake akaenda Bukavu.

Watu walikuja kumuuliza Émérance habari. “Zimefika,” alijibu.

“Umejuaje?”

“Nimezikunja minye.”

Na mguu haukutoka kwenye mashine. Lakini waliomjua waliona jambo moja: siku zile zote za kungoja kola zake zilikuwa laini. Sufuria ya wanga hakuigusa.

Siku ya kumi na tisa tangu masanduku yatupwe, askari walikuwa wamefungua njia kidogo. Semana aliingia uani na fimbo yake, akasimama kando, na nyuma yake alikuwa Sabine. Miguu kama ya korongo, shingo ndefu, na kichwani furushi jeupe kubwa kuliko yeye. Hakukohoa. Émérance alimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, taratibu, mara tano, mara sita, kabla hajainuka kwenye kiti.

“Umerefuka toka kimo cha meza,” alisema. “Nani alikukata nywele hivyo?”

“Mama Mukamurenzi.” Sabine alishusha furushi. “Ametuma nguo za jeshi. Amezifua. Na amesema umsamehe, uzi wake ni mnene.”

“Nimsamehe nini?”

“Zilikuwa na tundu kubwa katikati. Akaziziba.”

Émérance alifungua furushi. Kweli, juu ya pindo jekundu, Mukamurenzi alikuwa amepachika kiraka cha ngozi ya ndama, kigumu, kilichoshonwa kwa mishono ya kumfunga ng’ombe. Semana alitazama miguu yake. Na hapo Émérance alicheka, alicheka mpaka akakaa chini uani, akamvuta Sabine mapajani na miguu yake yote ile mirefu.

Kicheko kilipoisha, alitoa wembe, akampa mtoto.

“Shika. Unakata uzi, haukati nguo. Na mwambie baba Semana aingie, ugali uko.”