Cheptoo Hapitishi Majani Mabaya

Asubuhi Cheptoo anakagua majani kwenye kituo cha kununulia chai hapa Kimulot. Wikendi ni refa. Kazi zote mbili zimempa maadui. Siku moja alilimwaga mezani gunia la majani la pasta wa kanisa letu, mbele ya washirika wake, akachambua yale magumu, akamwambia, "Haya rudisha nyumbani, pasta, ng'ombe watakula." Mimi ningeyapitisha. Mimi nataka kwenda mbinguni.

Naitwa Danson. Nauza viatu vya gamubuti kando ya kituo, na kwenye mechi zake mimi ndiye mshika kibendera. Basi niulize mimi kama marefa huwapendelea mastaa. Sana! Beki asiye na jina akikohoa tu, kadi. Staa akirusha teke, anaambiwa, "Pole pole, kaka."

Mwaka jana tulipewa mechi moja ya ligi kuu pale Kericho, ya majaribio. Cheptoo akifanya vizuri angeingia kwenye orodha ya marefa wa ligi kuu, kitu alichongojea miaka tisa. Mkaguzi wa marefa alikaa jukwaani na kalamu yake. Shida ilikuwa moja: timu ya Nairobi ilikuja na Kipchirchir, kijana wa hapa kwetu, ambaye picha yake iko mpaka kwa kinyozi. Watu wote walikuja kumwona yeye. Mimi mwenyewe nilikuwa na jezi kwa begi, anitilie sahihi.

Dakika ya kumi na saba, Kipchirchir alimpiga beki kiwiko cha mdomo, mbele yangu kabisa. Cheptoo alikuwa anafuata mpira upande ule mwingine. Nami nilikiacha kibendera chini. Nilikuwa nafikiria ile jezi, Mungu anisamehe.

Cheptoo akaona damu, akanijia mbio.

"Danson, umeona?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Danson! Umeona ama hukuona?"

"Nimeona," nikasema, aibu imenijaa. "Kiwiko. Makusudi."

Kadi nyekundu. Jameni, tulirushiwa magunzi ya mahindi kutoka kila upande. Moja lilinipata kisogoni, na nilistahili.

Orodha ilipotoka, jina la Cheptoo halikuwepo. Mkaguzi aliandika ati refa aliwaharibia watazamaji burudani. Burudani! Cheptoo alilia nyuma ya kibanda changu, na nilitamani kumtafuta huyo mkaguzi nimmezeshe kalamu yake.

Kesho yake mamake Kipchirchir akaleta majani kituoni. Foleni nzima ikageuka kutazama. Cheptoo akamwaga gunia mezani, akapekua mpaka chini, akatoa jani moja gumu, mengine yote akayapeleka kwa mizani.

"Majani yangu umepitisha," mama akasema. "Lakini mtoto wangu ukamtoa."

"Majani yako ni mazuri, mama."

Mama akakunja gunia lake polepole.

"Huyo alikuwa anapiga hata wadogo zake viwiko, hapo nyumbani," akasema. "Na sisi wote hatukuwahi kumtoa."