Nukta Nyekundu za Akina Sulle

Saa moja asubuhi, kijijini Endasak. Ukungu haujaondoka mlimani, na Paskalina Sulle (51) ameshakaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage. Yaliyotobolewa na wadudu kulia, mazima kushoto. Mdomo nao haupumziki.

"Usisimame hapo, unaniziba mwanga," anamwambia mwandishi, kisha anacheka.

Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao, maharage safi yana bei, na Paskalina huchambua debe sita kwa siku. Zamani aliyabeba mwenyewe kichwani hadi mnadani. Mwaka 2007 miguu ilianza kuvimba na pumzi zikamwishia. Hatua kumi tu, anakaa chini.

Kutokwa na damu puani hakukumtisha, maana kwao karibu kila mtu hutokwa. Tena kwao nukta ndogo nyekundu za midomoni ni urembo wa ukoo. Mtoto akipata ya kwanza, bibi hushangilia. Paskalina mwenyewe alipochumbiwa alisifiwa kwa nukta zake.

Alipopelekwa hospitalini, daktari kijana alimwinamia. "Shikamoo mama. Hizi za mdomoni umezipata wapi?"

"Marahaba. Hiyo ni alama ya kwetu. Hata marehemu mama alikuwa nazo," alijibu kwa maringo.

Mama yake alifariki miguu ikiwa imevimba.

Daktari alimweleza taratibu kwamba nukta zile ni mishipa ya damu yenye kasoro ya kurithi, kama ile inayovuja puani, na mingine ya aina hiyo imo ndani ya ini. Damu hupita humo kwa njia ya mkato, moyo unasukuma kupita kiasi hadi unachoka. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi.

"Nililia sana," anasema. "Binti yangu Juliana anazo tatu, na mimi ndiye niliyempigia vigelegele."

Leo anameza vidonge vya kupunguza maji mwilini na vya kuongeza damu. Debe hanyanyui, anayelibeba ni mumewe, Herman. "Sasa ndiyo anajua kwamba ameoa," anatania. Ana furaha, wala haifichi, kwani Juliana alipimwa mwezi uliopita na moyo wake bado ni mzima.

Krismasi hii ndugu wapatao thelathini watakusanyika kwake. Ameshachagua pa kuweka kigoda: mlangoni, penye mwanga. Kila anayeingia, Paskalina atamtazama midomo, kama bibi alivyokuwa akifanya.

"Mwenye nukta nitamkumbatia kwanza," anasema, vidole vikiendelea na maharage. "Halafu namwandika jina, tunakwenda wote hospitali."